Kifuniko cha Rejeta si Kifuniko Tu

Juzi nikitoka Embu kwenda Meru, Peugeot 504 yangu ya dizeli ilichemka nilipokuwa nikipanda baada ya daraja la Nithi. Gari lenyewe ni kuukuu na vipuri vyake ni vya kubahatisha. Mjini Embu nilikuwa nimeomba kifuniko cha rejeta, nikauziwa kilichoenea mdomo. Muuzaji hakuuliza kinahimili shinikizo gani, wala mimi sikujua kuuliza. Mwalimu mzima wa isimu niliomba kifuniko, nikapewa kifuniko, kana kwamba ni cha sufuria!

Kumbe kazi yake si kufunika tu. Ndani mna springi inayoyabana maji ya moto. Shinikizo hupanda, nayo maji huchelewa kuchemka. Huko Meru, takriban mita 1,500 juu ya bahari, maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. Kifuniko hafifu basi hutuumbua mapema kuliko mwenzetu wa Mombasa.

"Mwalimu, soma namba hii," fundi wa jua kali mjini Meru aliniambia, akinilinganishia kifuniko changu cha zamani na kile kipya. Alinieleza yote kwa Kiswahili fasaha. Ikiwa yeye aweza, mbona maduka ya vipuri na vyuo vya ufundi visifanye vivyo hivyo? Jina lisilofafanuliwa laweza kumgharimu mnyonge injini nzima.