Tuwape vijana saa moja

Sherehe za jumuiya zetu hapa London zina ugomvi mmoja usiokwisha: muziki. Wazee wanataka taarabu, vijana wanataka Bongo Fleva, na mwishowe DJ hukabidhiwa usiku mzima. Spika zikianza kuvuma, wazee huhamia nje ya ukumbi wapate kuzungumza, na watoto wadogo huomba kurudi nyumbani. Kila mara tunalaumu orodha ya nyimbo. Maoni ya jarida hili ni kwamba kinachotutenga zaidi ni umbali kati ya anayepiga na anayesikiliza, na kwamba kikundi kidogo cha vijana, wakipiga ala zao bila spika katikati ya watu, kinaweza kukaa na rika zote kwa pamoja.

Ushahidi wa kwanza uko nyumbani. Kidumbak, muziki wa kuchezeka wa Unguja, kinahitaji watu wachache tu: fidla moja, ngoma mbili ndogo, manyanga ya cherewa, vijiti vya mkwasa, na sanduku, yaani besi ya kasha la chai lenye ufito na kamba moja. Mpiga fidla humwona kila anayecheza. Nyimbo huunganishwa bila kusimama na kasi hupanda kadiri watu wanavyochangamka, kwa hiyo msikilizaji naye ana sauti katika muziki wenyewe. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kimewakutanisha vijana na mafundi wa udi, kanuni na fidla. Miongoni mwa waliopita hapo ni Siti Amina na wenzake wa Siti and the Band, ambao mwaka 2018 walitoa albamu ya Fusing the Roots, inayochanganya taarabu na midundo ya leo. Babu anaitambua fidla, mjukuu anautambua mdundo.

Ushahidi wa pili uko hapa Uingereza. Tangu 1977 shirika la Live Music Now, lililoasisiwa na mpiga fidla Yehudi Menuhin pamoja na Ian Stoutzker, limekuwa likiwapeleka wanamuziki chipukizi kupiga katika nyumba za kutunzia wazee, hospitali na shule za watoto wenye mahitaji maalumu. Vijana hao hulipwa, na hufundishwa pia namna ya kuzungumza na wasikilizaji wao. Sisi tumezoea kumpandisha kijana jukwaani bila maandalizi yoyote, kisha tunashangaa anapoinamisha kichwa. Kukaa na watu ni ufundi, nao hufunzwa.

Wapo watakaosema vijana wetu hawautaki muziki wa zamani. Hatuwaombi waache wa kwao. Kidumbak chenyewe kilichukua nyimbo za taarabu zilizovuma na kuzitia kasi ya kuchezeka. Anayetaka kuutia wimbo wa Bongo Fleva kwenye fidla na ngoma atakuwa anaendeleza mila hiyohiyo. Wengine watasema taarabu ni ya Wazanzibari, ilhali kati yetu wamo Wakongo, Wakenya na Waganda. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu hatushikilii aina moja. Huko Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics umewafundisha watoto muziki wa okestra tangu 2008. Fidla haina kabila. Gharama nayo isitutishe. Hatuhitaji jengo kama sinema ya Granada ya Mitcham Road, Tooting, iliyofunguliwa 1931: ilijengwa ipokee maelfu ya watu, na baadaye ikageuzwa ukumbi wa bingo. Kikundi cha watu watano kinatosheka na chumba cha kawaida na viti vilivyopangwa kwa duara.

Basi tunawaomba viongozi watenge saa ya kwanza ya sherehe ijayo kwa vijana wetu, spika zikiwa zimezimwa, na wawalipe japo kidogo. DJ atapata zamu yake baadaye. Wazee, kila mmoja amfundishe kijana wimbo mmoja anaoujua vizuri. Nanyi wazazi wa Tooting mlio na mtoto anayejifunza fidla, gitaa au ngoma shuleni, mleteni. Vipaji tunavyo, kilichokosekana ni nafasi, na nafasi hiyo iko mikononi mwetu.