Nyama ya Kusaga na Sufuria ya Mtoto wa Mfugaji

Msafiri apitaye wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hana haja ya kuuliza utajiri wa nchi ile ni nini. Kuanzia nyanda za juu za Tarime hadi tambarare za Mugumu, ng'ombe wako kila mahali. Ng'ombe ni mahari, ni akiba ya siku ya shida, tena ni heshima ya boma. Lakini msafiri huyo akiingia katika shule saa ya chakula cha mchana, aghalabu atakuta sufuria ya makande ya mahindi na maharage tu. Nyama itakuja siku ya harusi, ya tohara au ya matanga. Siku hiyo italiwa kwa wingi, minofu mikubwa kwa wakubwa, na kesho yake hakuna tena.

Kwa hiyo upungufu uliopo si wa nyama, bali ni wa namna ya kuigawa. Njia moja ya kuusahihisha ugawaji huo ni rahisi, nayo haijapewa heshima yake: ni nyama ya kusaga.

Pwani chakula hiki hujulikana kwa jina la kima, neno lililokuja kutoka Bara Hindi pamoja na mapishi yake, na watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wamekizoea katika sambusa, kababu na katlesi. Bara, hasa kwa wafugaji, husadikiwa kuwa nyama halisi ni ile inayotafunwa. Nyama iliyosagwa huonekana kuwa chakula cha hotelini, au cha mgonjwa asiye na meno. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa ushahidi.

Ushahidi hauko mbali. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliendesha jaribio katika shule 12 za msingi wilayani Embu, Kenya. Watoto wa darasa la kwanza waligawanywa katika makundi manne. Kundi moja halikupewa chakula. Matatu yalipewa githeri, chakula ambacho Tanzania huitwa makande: la kwanza likaongezewa mafuta, la pili maziwa, na la tatu nyama ya ng'ombe iliyosagwa, gramu 60 hivi kwa mtoto mwanzoni, kisha ikaongezwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliokula nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri, walijenga misuli zaidi ya mikono, na uwanjani walionekana wachangamfu zaidi na wepesi wa kuongoza michezo. Vitamini B12, ambayo haipatikani katika mahindi wala maharage, iliongezeka katika damu ya waliopata nyama na ya waliopata maziwa.

Haifai kulikuza jaribio hilo kupita kiasi. Hali ya madini ya chuma mwilini haikupata nafuu iliyotarajiwa, na watafiti walihisi kwamba malaria ilichangia. Basi nyama si dawa ya kila kitu, wala haiondoi haja ya chandarua. Hata hivyo, jambo moja lilidhihirika: nyama kidogo, ikichanganywa katika chakula ambacho watoto wamekwisha kukizoea, huleta tofauti inayopimika.

Kwa nini isagwe? Sababu ya kwanza ni haki. Kilo moja ya nyama ikikatwa vipande na kutiwa katika sufuria ya watoto 16, atakayepakuliwa mwanzo atapata vipande vinne, na wa mwisho atapata mchuzi. Ikisagwa, huenea katika chakula chote, na kila kijiko hubeba sehemu yake.

Sababu ya pili imo katika mnyama mwenyewe. Ng'ombe wa asili wa Tanzania, zebu mwenye pembe fupi, hutembea mwendo mrefu kutafuta malisho na maji, na mara nyingi huchinjwa akiwa mzee. Misuli yake imefungwa kwa nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni, ambazo hukaza zaidi kadiri mnyama anavyozeeka. Nyuzi hizo hulainika na kugeuka jelatini zikichemshwa muda mrefu katika maji, na muda mrefu maana yake ni kuni nyingi. Mashine ya kusagia huzikata nyuzi hizo kabla ya moto kuwashwa. Nyama ya shingo au ya muundi, ambayo ingehitaji saa mbili au tatu jikoni, huiva kwa dakika 20. Pasipo umeme, mashine ya kuzungusha kwa mkono, ile ifungwayo ukingoni mwa meza, yatosha. Pasipo mashine, kisu kikali na ubao hufanya kazi ile ile kwa jasho zaidi.

Hata hivyo, wafugaji wanaoishuku nyama wasiyoiona umbo lake wana hoja ya kisayansi. Bandiko la nyama lenye umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande lina uso wa sentimita za mraba 600. Likikatwa vipande vya milimita mbili, huwa vipande 125,000, na jumla ya nyuso zake hufika sentimita za mraba 30,000, yaani mita za mraba tatu. Bakteria wanaoishi katika matumbo ya ng'ombe hukaa juu ya uso wa nyama iliyochafuliwa machinjioni, na moto wa kuchoma huwaua upesi. Kusaga huwachukua kutoka nje na kuwaingiza ndani. Katika joto la mchana, bakteria aweza kugawanyika kila baada ya dakika 20, na baada ya saa saba mmoja huwa amezaa zaidi ya milioni mbili. Mwaka 1993, magharibi mwa Marekani, nyama ya kusaga isiyoiva vizuri iliwaugusha watu zaidi ya 700, na watoto wanne walikufa. Ikiwa nchi yenye majokofu ilifikwa na hayo, Tarime na Serengeti hazina budi kujihadhari.

Tahadhari zenyewe si ngumu. Nyama inunuliwe ikiwa kipande, katika bucha lenye nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri, kisha isagwe mbele ya macho ya mnunuzi. Ipikwe siku ile ile, mapema. Mashine ifunguliwe na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni kila itumikapo. Nyama ifikie nyuzijoto 71 za Selsiasi hadi ndani, na hapa sufuria ya makande ndiyo salama kuliko zote. Hata katika nyanda za juu za Tarime, ambako maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, chakula kinachotokota huipita mbali nyuzi ya 71.

Mapishi yako mengi. Mahindi na maharage yakishaiva, nyama hukaangwa na kitunguu na nyanya hadi wekundu uishe na maji yakauke, kisha humiminwa sufuriani na kutokota pamoja kwa robo saa. Nyama hiyo hiyo huweza kuungwa na mchicha au kisamvu, ikaliwa kwa ugali wa muhogo na ulezi. Viazi vitamu vilivyopondwa hufungwa katlesi nzuri. Katika kababu, unga wa ulezi waweza kushika nafasi ya mkate, kwa kuwa wanga wake hufyonza maji na kuzuia zisikauke, na chumvi kidogo huyeyusha protini za nyama zikashikamana kama gundi. Kababu zifanywe bapa na nyembamba, ili moto ufike katikati.

Atakuwako atakayesema kwamba shule haina fedha. Ni kweli kwamba watoto 300, kwa gramu 60 kila mmoja, wahitaji kilo 18 kwa mlo mmoja. Lakini mzazi anayechangia debe la mahindi anaishi katika nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Mara si mkoa wa mwisho kwa mifugo. Kikao cha wazazi chaweza kuanza na siku moja kwa juma. Jamii inayoweza kuchinja fahali kwa ajili ya wageni wa siku moja haiwezi kusema kwamba haina nyama kwa ajili ya watoto wake.

Mwalimu wa baiolojia, wa hisabati na wa sayansi ya jikoni, wote watatu wana somo katika sufuria hiyo. Mwanafunzi akirudi nyumbani akamweleza mama yake kwa nini shingo ya ng'ombe mzee, ikisagwa, yafaa kuliko mnofu mmoja kwa mtu mmoja, sayansi itakuwa imefika mahali pake.