Muziki wa Kupanga

Desemba iliyopita tulimhamisha mama kutoka Tabora kwenda Mpanda. Baba alikuwa amefariki, hitma ya arobaini ilikuwa imesomwa juzi yake, na kikao cha familia kiliamua kwamba mama asibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitano. Mjomba akaja na Noah yake. Tukapakia magodoro mawili, cherehani, masanduku, sufuria na tenga la kuku watatu, tukaondoka baada ya sala ya alfajiri.

Tulipoipita Sikonge, mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu nyumbani, alizungumza kutoka kiti cha nyuma: "Mwanangu, hebu tuwekee ule wimbo wa baba yako."

Nilijua ni upi. Ni wimbo wa Tabora Jazz, na nilikuwa nao kwenye simu. Kila mwezi nalipia programu moja ya muziki, na wimbo huo niliupakua mwenyewe, pamoja na nyingine 213, kwa ajili ya safari za namna hiyo hasa. Nikaifungua programu. Nyimbo zote 214 zilikuwa zimefifia, haziguswi. Chini yake sentensi moja ilinitaka niunganishe intaneti ili kuendelea. Mtandao haukuwepo. Nje ilikuwa ni miombo pande zote mbili za barabara, na huku na huko mizinga ya nyuki juu ya miti.

Nilikuja kuelewa baadaye. Programu ile inataka ionane na mtandao angalau mara moja kila siku 30, ihakikishe kwamba bado unalipa. Mimi nilikuwa nalipa. Lakini nani anafungua programu ya muziki msibani? Arobaini ni siku 40. Nyimbo nilizodhani ni zangu zilijifunga siku kumi kabla hatujamaliza kuomboleza.

"Vipi?" mama akauliza.

"Mtandao umekata, mama."

"Kwani huo wimbo si uko kwenye simu?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na nikilisema kwa kifupi ni hili: haukuwa kwenye simu. Niliukodi.

Kijana yeyote aliyewahi kuishi chumba cha kupanga anaijua hali hii. Unalipa kodi, unapaka rangi, unaweka pazia, unawaambia wageni "karibuni kwangu". Siku moja mwenye nyumba anabadilisha kufuli. Muziki wa rika langu ni muziki wa kupanga. Tunapanga nyimbo kwenye orodha, tunazipa majina matamu, tunasema "muziki wangu", lakini hakuna hata mmoja tunaoweza kumrithisha mtu, kumwazima jirani, au kuupiga porini bila idhini ya mwenye nyumba aliye ng'ambo ya bahari.

Mwenye nyumba huyo naye hana uhakika wa nyumba yake. Mwaka 2022 Neil Young aliziondoa nyimbo zake Spotify kwa sababu ya ugomvi uliohusu kipindi cha mtu mwingine kabisa, na wasikilizaji wake waliokuwa wamelipa hawakuulizwa. Mwanzoni mwa 2024 mkataba kati ya kampuni ya Universal na TikTok uliisha bila kuhuishwa, na video za watu wengi zikabaki bubu hadi walipopatana mwezi Mei. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa huko kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha data. Zilikadiriwa kufikia milioni 50. Hizo ni kampuni kubwa, zenye wahandisi na wanasheria. Kama huko mambo ni hayo, wewe na mimi tunategemea nini?

Turudi garini, maana jibu lilitoka kwa mjomba.

Ile Noah ni ya mtumba kutoka Japani, na hadi leo ukiiwasha inakusalimia kwa Kijapani kuhusu kadi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Redio yake haisaidii sana hata mjini. FM ya Japani ilipangwa kuanzia 76 hadi 90, yetu inaanza karibu na 88 kwenda 108, kwa hiyo bila kifaa cha kuongeza masafa unapata stesheni chache za mwanzo tu. Mjomba hakuwahi kununua kifaa hicho. Alivuta kijisahani cha majivu ya sigara, ambaye garini kwake hakuna anayevuta, akatoa flashi iliyofungwa uzi mwekundu, akanipa.

"Chomeka hiyo, mjomba. Hiyo haijui habari za mtandao."

Nakiri kwamba flashi ile nimewahi kuicheka. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilimwambia mjomba kwamba mambo ya flashi ni ya madereva wa daladala, dunia imehamia mtandaoni. Akanijibu, "Sawa, msomi," na hakubishana. Siku ile niliichomeka kimya kimya. Nikatafuta mbele na nyuma, nikapita Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids, bendi tatu za mji wetu zote zimo, hadi wimbo ukapatikana. Gitaa likaanza. Mama akafumba macho.

Nusu ya wimbo haijafika, akasema: "Ndio wenyewe. Ila wa baba yako ulikuwa unaanza na yeye anaongea."

Hapo ndipo penye kesi yangu, na sitaki kuizunguka.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kuanzia ujanani alirekodi muziki kutoka Radio Tanzania kwa redio kaseti yake. Kabla hajaanza kurekodi alikuwa anabonyeza kitufe na kusema tarehe, mahali alipo, na mara nyingine hali ya hewa. "Leo ni Jumamosi, niko Sikonge, mvua imenyesha." Kisha muziki. Kanda zilikuwa kama sitini, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Nilipomaliza kidato cha sita nilikaa nyumbani miezi kadhaa nikisubiri chuo, na nikajipa kazi ya kusafisha nyumba. Redio kaseti ilikuwa imekufa. Nilimwambia baba, "Hizi zote ziko YouTube siku hizi, ukitaka wimbo wowote niambie." Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika. Nikazipeleka jalalani kwa toroli.

"Zile kanda uliziweka wapi?" mama akauliza pale garini.

"Nilizitupa, mama."

Hakunijibu. Alimwomba mjomba aongeze sauti, na hatukuzungumza tena hadi tulipovuka Mto Koga.

Sasa naweza kusikia wenzangu wakisema: pole sana, lakini huo ni msiba wako binafsi, usiufanye hoja. Naomba nikatae. Fikirini muziki wenyewe ulivyotengenezwa. Miaka ya sitini na sabini, bendi zetu nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania kwa ajili ya kurushwa hewani, si kwa ajili ya kuuzwa. Santuri zilizotoka, nyingi zilifyatuliwa Nairobi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya muziki huo haikuwahi kuwa bidhaa dukani. Ilikuwa kwenye mikanda ya redio ya taifa, na ilikuwa kwenye kanda za watu kama baba, waliokaa na kidole juu ya kitufe wakisubiri mtangazaji amalize kusema. Watu hao hawakujua kwamba wanatunza kumbukumbu za taifa. Walidhani wanajirekodia nyimbo.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya maktaba na utunzaji wa kumbukumbu. Ndiyo, mcheke. Moja ya mambo ya mwanzo tunayofundishwa ni kwamba kinachookoa kumbukumbu ni nakala nyingi zilizotawanyika mikononi mwa watu wengi. Jengo moja likiungua, nakala ya kijijini inabaki. Nililiandika hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikuunganisha na lile sanduku la bati. Tunapokubali kwamba nakala moja iliyoko kwenye kompyuta za kampuni moja inatosha, tunafanya kwa hiari kile ambacho moto na mafuriko hufanya kwa nguvu.

Zipo hoja za upande wa pili, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza ni ya wasanii. Flashi ya mjomba ilijazwa kwenye kibanda pale Mpanda, na hakuna hata shilingi iliyomfikia mwanamuziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina utata kuhusu jambo hilo, na mimi sitetei wizi. Lakini tusijidanganye kwamba ada yangu ya mwezi ilikuwa inawafikia wazee wa Tabora. Kwa kawaida huduma hizi hukusanya fedha zote kapu moja, kisha hugawa kwa kufuata nani amechezwa zaidi kati ya wasikilizaji wote. Ningesikiliza bendi ya mtaani kwetu mwezi mzima bila kugusa kingine, bado sehemu kubwa ya fedha yangu ingekwenda kwa nyota ambaye sijawahi kumsikiliza. Kuna njia iliyo safi kuliko kibanda na kuliko kupanga: msanii aniuzie faili. Aniuzie kwa bei ya soda, fedha ziende kwenye simu yake, faili libaki kwangu mpaka nife, na baada yangu libaki kwa watoto wangu. Vijana wanaotoa albamu leo, mbona hamtuuzii? Mnatutumia kiungo, mnatuomba tubonyeze, na mnaufunga uhai wa kazi yenu kwenye mkataba ambao hamkuuandika. Mtu aliyenunua faili lako ni mtunzaji wako. Aliyebonyeza kiungo ni mpita njia.

Ya pili ni ya urahisi. Mtandaoni napata nyimbo za dunia nzima, na ni kweli nimejifunza mengi kwa njia hiyo. Sisemi mtu aache. Nyumba ya kupanga si dhambi, wengi wetu hatuna nyingine. Ninachosema ni kwamba mtu mzima mwenye akili hahifadhi hati zake, picha za ndoa na pete ya marehemu bibi yake katika chumba ambacho mtu mwingine ana ufunguo wake. Sikiliza huko unachotaka. Usiweke huko usichoweza kukipoteza.

Ipo na hoja ya tatu, ambayo si nzito lakini ndiyo inayotawala: kwamba mtandao utafika kila mahali, kwa hiyo tatizo litajimaliza. Huko ni kusema kwa mdomo wa mtu wa mjini. Nchi hii ni kubwa. Zipo barabara ambazo utaendesha saa nzima bila mnara, na watu wanaishi kando ya barabara hizo, wanafunga ndoa, wanazika. Hata mnara ukifika, bando linaisha. Na hata bando likiwapo, lile kufuli la siku 30 halikusababishwa na pori. Pori lilinionyesha tu kwamba kufuli lipo.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Wimbo wa dansi wa dakika saba, kwa ubora wa kawaida, ni kama megabaiti saba. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba zaidi ya nyimbo 2,000. Bei yake haizidi kuku mmoja wa kienyeji. Nunua mbili, moja ikae garini au nyumbani kwa wazazi. Nunua faili pale wanapouza, na wasipouza waandikie uwaulize kwa nini. Kama nyumbani kwenu kuna kanda, usizitupe hata kama redio imekufa. Redio kaseti nzima bado zinapatikana kwa mafundi, na waya wa kuiunganisha na kompyuta ni wa bei ndogo. Kama babu yako anajua wimbo ambao haupo popote, mrekodi wiki hii, na kabla hajaanza mwombe ataje tarehe na mahali alipo.

Tangu Januari nimekuwa nikiwatafuta walimu waliofanya kazi na baba. Walikuwa wakiazimana kanda, na nimejua kwamba wengine hawakurudisha. Hadi sasa nimepata kanda kumi na moja, kutoka Sikonge, Urambo na Nzega. Nne zimeliwa na ukungu. Saba zinasikika, na nimezinakili mara tatu: kwangu, kwa mama, na kwenye flashi yenye uzi mwekundu. Kwenye moja kuna mtu anakohoa kabla ya muziki kuanza. Nilimpigia mama simu nikamsikilizisha. Alisikiliza mara mbili, akasema hapana, huyo si yeye, huyo atakuwa Mwalimu mwenzake.

Zimebaki barua tatu ambazo hazijajibiwa. Mwezi ujao nakwenda Urambo tena.