"Alhamdulillah" Haimtoshi Daktari wa Figo

MGONJWA wa figo akiulizwa na daktari, "Unaendeleaje mzee?", mara nyingi jibu huwa moja: "Alhamdulillah." Ni jibu zuri la mja kwa Mola wake, lakini daktari hawezi kuandika dawa kwa neno hilo. Atatazama karatasi ya maabara, asome potasiamu na wingi wa damu, kisha aite mwingine. Mwasho unaomnyima usingizi usiku kucha, misuli inayokakamaa akiwa kwenye mashine, uchovu unaomlaza siku nzima baada ya kusafishwa damu, vyote anarudi navyo nyumbani.

Hili si la kwetu pekee. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliolinganisha maelezo ya wagonjwa wanaosafishwa damu na yale waliyoyajua wahudumu wao. Katika dalili 30 zilizoulizwa, dalili 27 wahudumu walizigundua kwa chini ya nusu ya wagonjwa waliokuwa nazo. Na hao ni wagonjwa ambao kwa kawaida hufika kituoni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara!

Wenzetu wa Uholanzi hawakuishia kusikitika. Tangu mwaka 2018 vituo vyao vya kusafisha damu vimeweza kumpa mgonjwa dodoso la dalili hizo hizo 30, akalijaza mwenyewe kwa kompyuta, likawa sehemu ya matibabu ya kawaida. Majibu humfikia daktari kabla ya mazungumzo, naye huona kipi kimezidi kuliko safari iliyopita.

Faida kubwa naiona kwenye haya. Mume aliyepungukiwa nguvu za ndoa hatamwambia muuguzi wa kike, tena mbele ya mwanawe aliyemsindikiza. Kwenye kioo atabonyeza. Mama aliyekata tamaa ya maisha naye vivyo hivyo. Na mengi ya haya yana tiba: anayekakamaa misuli huenda anatolewa maji kwa kasi mno, hivyo muda wa mashine uongezwe na chumvi ipunguzwe, miguu isiyotulia usiku huenda ni upungufu wa madini ya chuma, mwasho nao una dawa zake. Lakini nani atatibu asichoambiwa?

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kitajiri. Mimi nasema anayelipa fedha nyingi hivyo kwa mashine ana haki ya kuulizwa kama imempa nafuu. Kwa wagonjwa wa saratani jijini New York, utafiti wa watu 766 uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa nusu ya waliokuwa wakiripoti dalili kwa kompyuta waliishi zaidi ya miezi 31, na nusu ya wenzao miezi 26. Hiyo ni saratani, tusichanganye na figo. Ila katika utafiti ule dalili ikizidi, muuguzi alipata taarifa. Dodoso lisilosomwa na mtu ni usumbufu kwa mgonjwa, na hospitali isiyo na wa kulisoma bora isilianzishe.

Jambo jingine ni nani anajaza. Kijana akishika simu akamjazia baba yake, yale ya aibu yatafichwa tena. Asiyejua kusoma asomewe na mhudumu faraghani, na majibu yalindwe kama amana. Pia maumivu ya kifua au kubanwa pumzi si ya kuandika na kusubiri. Huyo akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa sasa, daftari la shilingi chache linafaa. Kila usiku mgonjwa aandike mwenyewe uchovu, mwasho, usingizi, maumivu na huzuni, akipa kila kimoja namba kuanzia 0 hadi 4, na siku ya kliniki amkabidhi daktari kabla hajaulizwa hali.