Ghala la Pamba Nalo ni Urithi

Tukisikia "urithi" tunakimbilia Kilwa na Bagamoyo. Sawa. Lakini nani ameandika hata aya moja kuhusu maghala ya pamba ya Bariadi?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye yanasubiri Waziri ayatangaze. Vyama vya ushirika vya Usukumani, vilivyounda shirikisho lao mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, vimechelewa karibu karne nzima. Kwa hiyo si historia? Acheni hizo! Mkulima aliyedai mizani ya haki alikuwa anadai uhuru.

Waandishi wa Simiyu, msimsubiri Waziri. Ingieni maghalani, waulizeni wazee, andikeni. Mabati yakishauzwa kama chuma chakavu, mtamuuliza nani?