Adhabu Isiyo na Mwisho Si Haki

Mhubiri anayeunyooshea kidole mlima Nyiragongo na kuwaambia wakazi wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio wilayani Rubavu, ambao matetemeko yaliyofuata mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 yalibomoa nyumba zao, kwamba waliyoyaona ni kionjo tu cha jehanamu, huwa anatetea fundisho la adhabu ya milele, yaani imani kwamba anayekufa bila kutubu atateswa bila kikomo. Na fundisho hilo, hata likihubiriwa kwa machozi, linamsingizia Mungu ukatili.

Vitisho hivyo ni vya zamani kuliko misheni ya Kikatoliki ya Nyundo, karibu na Gisenyi, iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, kwa kuwa wafuasi wa Ryangombe, shujaa aliyetukuzwa katika ibada ya kubandwa, waliamini kwamba roho za walioingizwa katika ibada hiyo zingestarehe kwenye mlima Karisimbi, ilhali za wasioingizwa zingetupwa katika moto wa Nyiragongo. Dini ilibadilika, lakini tisho likabaki lilelile: jiunge nasi au uungue.

Haki hupima adhabu kwa uzito wa kosa, na mateso yasiyo na mwisho kwa makosa ya maisha mafupi hayana kipimo chochote. Rwanda inalijua jambo hili kuliko mataifa mengi, kwa kuwa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi yalihukumiwa na gacaca, mahakama za wananchi zilizoketi hadharani na kusikiliza kesi karibu milioni 2 hadi zilipofungwa Juni 2012, ambazo zilimpunguzia kifungo aliyekiri na kumruhusu kutumikia sehemu yake kwa kazi za manufaa ya umma. Na mwaka 2007 nchi hiyohiyo ilifuta adhabu ya kifo. Ikiwa taifa lenye makaburi ya wahanga wa mauaji hayo huko Commune Rouge, Gisenyi, liliweza kuiwekea adhabu mpaka, kudai kwamba Mungu wa rehema hawezi ni kumdharau.

Watetezi husema kwamba moto wa milele ukiondolewa, watu watatenda dhambi bila woga. Hoja hii ni duni, na Rwanda ni mahali pa mwisho inapopaswa kutamkwa, kwani mwaka 1994 Wanyarwanda wengi mno walikuwa Wakristo waliofundishwa habari za jehanamu tangu utotoni, na bado waliokimbilia Nyundo, makao ya askofu, waliuawa hukohuko. Hofu hiyo haikuzuia mapanga. Kazi inayoiweza ni kujaza vikapu vya sadaka.

Wala kulikataa fundisho hili si kuasi Ukristo, kwa sababu mwanateolojia Origen wa Alexandria alitarajia, katika karne ya 3, kwamba viumbe wote wangerejeshwa kwa Mungu, na Waadventista, ambao ni wengi nchini Rwanda, hufundisha kwamba waovu wataangamizwa, si kuteswa milele. Wachungaji na makatekista wa Rubavu waache basi kuwatisha watoto kwa moto usiozimika, wawafundishe toba na wajibu wa kumlipa aliyedhulumiwa, kwa maana Mungu asiyejua kumaliza adhabu angekuwa na haki ndogo kuliko gacaca.