Mashine za Michezo Zilizovunjwa Kufuli

Wazazi wa Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mlango wa mto Ruvuma, wanaijua ada hii: msimu wa korosho ukienda vizuri, watoto nao hudai fungu lao. Zamani walitaka baiskeli; siku hizi wengi hutaka mashine ya michezo, ile iungwayo na televisheni, wapate kucheza kandanda na wenzao. Mchezo usiomsahaulisha kijana sala wala masomo hatuna ugomvi nao. Tunalotaka kulisema mwezi huu ni la mali na amana.

Mashine nyingi zifikazo kwetu ni mitumba, na baadhi yake zimekwisha kuvunjwa kufuli. Fundi huzitia programu isiyotoka kwa mwenye kiwanda, au huunga chipu ndogo ndani yake. Vijana huiita kazi hiyo kuchipu. Yafaa tueleze maana yake. Kila mashine ina programu ya msingi, ndiyo iiamshayo kila iwashwapo, nayo hutazama muhuri wa kiwanda katika kila mchezo. Mchezo usio na muhuri hukataliwa. Kuvunja kufuli ni kuifanya mashine isitazame muhuri tena, na hapo hukubali hata michezo iliyonakiliwa bila ya kulipiwa.

Khatari ya kwanza ni mashine kufa. Programu ya msingi ikifutwa ili iandikwe nyingine, na katikati ya kazi umeme ukakatika, au ikawa programu ile si ya aina ya mashine hiyo, basi mashine haiamki tena. Wenye ujuzi husema imekuwa tofali, kwani haina faida tena ila uzito wake. Na nani kati yetu asiyejua umeme unavyokatika bila ya kubisha hodi? Tena mwenye kiwanda hadhamini mashine iliyochezewa, na fundi wa kibandani mara nyingi hana dhamana ya kutoa.

Khatari ya pili ni hila. Mwezi wa Oktoba 2005 ilienezwa programu iliyodai kuirudisha mashine ya PSP katika hali ya zamani, ili ikubali programu zisizo rasmi. Kumbe ilifuta mafaili ambayo mashine haiwezi kuamka bila ya hayo, na walioiamini walipoteza mashine zao. Mwezi huo huo ikatokea nyingine ya namna hiyo kwa Nintendo DS. Mwenye kuitia programu ya mtu asiyemjua amempa mgeni ufunguo wa nyumba. Na kijana akiipakua kwa simu ya baba yake, yenye khabari za fedha za nyumba nzima, khatari huvuka mashine ya michezo ikaingia mfukoni mwa mzazi.

Khatari ya tatu ni kufungiwa. Mwezi wa Novemba 2009 kampuni ya Microsoft ilizifungia mtandao wa Xbox Live mashine nyingi mno zilizokuwa zimechezewa. Aliyefungiwa akaiuza, na mnunuzi akarithi kifungo asichokijua. Wala jambo hili lisionekane geni: tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kote, na wengi walionunua kwa nia njema wakabaki na vyombo visivyopiga.

Ama upande wa haki, yatupasa tuseme kwa insafu. Chombo alichokinunua mtu ni mali yake, na wapo waongezao programu walizozitunga wenyewe bila ya kumdhulumu mtu. Lakini michezo ya kunakili ni kazi ya mikono na akili za wengine. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kuwa haki za watunzi na wavumbuzi ni haki zenye kulindwa na sharia, wala haijuzu kuzishambulia. Nayo nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wenye kuifanya biashara hupatikana: mwaka 2022 mahakama ya Seattle, Marekani, ilimhukumu Gary Bowser, raia wa Kanada, kifungo cha miezi 40 kwa sehemu yake katika kundi lililouza vyombo vya kuvunjia kufuli mashine hizi.

Wafanya biashara nao tuwakumbushe. Auzaye mashine iliyovunjwa kufuli akanyamaza ameficha aibu ya bidhaa, na wanazuoni wetu wa Kishafii wamempa mnunuzi khiari ya kuirudisha kitu akigundua aibu ya zamani iliyofichwa. Kusema kweli hupunguza bei, lakini huacha baraka katika kile kinachobaki.

Basi, mzazi, kabla ya kutoa fedha muulize muuzaji kwa maneno wazi: mashine hii imefunguliwa? Iunge na mtandao mbele yake, uone kama inakubaliwa. Andikiana naye muda wa kuirudisha. Na wewe kijana, usiitie mashine ya nyumba programu usiyoijua bila ya idhini ya wazee wako, kwani fedha iliyoinunua imeokotwa korosho moja moja chini ya jua. Afadhali michezo miwili ya halali kuliko mia moja itakayowaachia tofali juu ya meza.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki safi na watoto waaminifu. Amin.